Kabati la sinki la nyumba ya Mji Mkongwe: pima ngazi kabla ya kununua mbao

Swali: Assalaam alaykum fundi. Nyumba yetu ya urithi iko Malindi, Mji Mkongwe, na bafu liko ghorofa ya kwanza. Kabati la sinki tulilonunua dukani lilikuwa la chipubodi; limevimba na kufumuka chini kama mkate uliolowa. Sasa nataka nichongewe la mbao hasa. Shida ni kwamba kuta zimepinda, ngazi ni nyembamba, na sitaki mafundi wakae ndani wiki nzima wakichimba ukuta. Nitumie mbao gani? Na lining'inizwe au lisimame kwa miguu?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada yangu. Lisimame. La kuning'inia linapendeza kwenye picha, lakini ukuta wako ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Keekee ikiingia humo, mara inakuta jiwe gumu, mara inatumbukia kwenye chokaa inayomomonyoka, na fisha, kile kiplastiki cha kushikia skrubu ukutani, inazunguka bila kushika. Uzito wote uende sakafuni. Ukuta uachiwe kazi moja tu, kulizuia kabati lisiinamie mbele, na kwa hilo skrubu mbili zilizopata jiwe zinatosha.

Miguu iwe na urefu wa sentimita 15 hivi, upate kupitisha fagio na tambara. Kwa kuwa sakafu ya bafu huteremkia kwenye tundu la maji, mwambie fundi atie bolti chini ya kila mguu, yenye kitako cha plastiki. Ukiizungusha, mguu unapanda au kushuka mpaka pima maji itulie. Pia mti hunywa maji zaidi kwenye ncha ulipokatwa, kwa hiyo kitako hicho kinaukinga mguu usiguse sakafu yenye maji.

Kazi nyepesi ya kufunga huamuliwa karakanani. Kabla ya kununua ubao wowote, pima ngazi pale inapokata kona, upana na urefu wa kwenda juu. Kisha gundisha maboksi matupu upate umbo lenye ukubwa wa kabati unalolitaka, ulipandishe. Likikwama kwenye kona, umepoteza karatasi tu. Mimi ningelichonga kwa vipande vitatu: fremu ya miguu, sanduku, na ubao wa juu wa kukalia sinki, vyote vikiungana kwa skrubu bila gundi. Siku moja utataka kulitoa ili kurekebisha bomba, na litashuka kwa ngazi ileile.

Kuhusu kuta, usimwache fundi achonge kabati lililopinda ili lifuate ukuta. Sanduku liwe la pembe sawa, jembamba kuliko nafasi kwa sentimita 3 au 4 kila upande, na pengo lizibwe kwa ubao mwembamba. Ubao huo husimamishwa wima mbele ya pengo, kisha bikari inateremshwa mguu mmoja ukigusa ukuta na penseli ikichora kwenye ubao. Mstari utakaopata una kila tumbo na kila shimo la ukuta. Ukipita nao msumeno na randa, ubao unakaa pale bila kugusa chokaa ya watu. Fundi asiyeujua mchezo huu atakwambia ukuta upigwe plasta ya saruji unyooke. Kataa. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa, nao hutafuta pa kutokea.

Mbao: mvule au msaji kwa miguu, milango na sehemu ya juu, ikiwa imekauka sawasawa. Mninga nao unafaa. Mwembe ni rahisi, lakini hauhimili unyevu na wadudu huupenda mno. Uweke kwa meza ya sebuleni. Ubavu wa sanduku unaweza kuwa plaiwudi ya majini ya milimita 18, mradi kingo zote zilizokatwa zinyweshwe vanishi. Vanishi ipakwe pande zote, hata chini na nyuma pasipoonekana, na ikauke kabla kabati halijapandishwa. Ubao wa juu usikazwe kwa gundi, maana mti hutanuka kwa upana wake wakati wa masika. Matundu ya skrubu yawe marefu kidogo ili ubao upate nafasi ya kutembea. Skrubu na bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu. Hizi za manjano za bei nafuu, upepo wa bahari utazila.

Nyuma ya sanduku pasizibwe. Weka papi mbili, yaani vipande vyembamba vya mbao, za kulikaza, moja juu na moja chini, na kati pabaki wazi kwa mabomba, huku kabati likiachana na ukuta kwa sentimita 2. Hili silifanyii masihara: bafu la ghorofani likivuja kimyakimya, maji hushukia kwenye vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani, na boriti ikioza kichwa unaitengeneza dari nzima. Koki ya kufungia maji iwe pale mkono unapofika bila kutoa saraka.

Siku ya kufunga, anzeni na fremu ya miguu, kisha sanduku, mabomba, ubao wa juu na sinki. Fungulieni maji mkague kila kiungo kwa karatasi kavu. Ubao wa kuziba pengo uje mwisho, na silikoni ipite juu tu, ubao wa juu unapokutana na ukuta. Chini paachwe pakiingia hewa. Sinki litumike kesho yake.