Baiskeli ya marehemu baba: nitengeneze au ninunue nyingine?

*Shangazi, shikamoo. Nabeba samaki kwa baiskeli kutoka Mikindani mpaka Mtwara mjini. Ni Phoenix aliyoniachia marehemu baba. Kila wiki iko kwa fundi, mara spoku, mara gololi. Juzi nimefunga cheni mpya, kwenye kilima bado inaruka. Mke wangu anasema hela za fundi zingeshanunua nyingine. Mama akisikia habari ya kuiuza, analia. Nifanyeje?*
*Mbeba Tenga, Mikindani*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na chuma, ya mama yatafuata.

Cheni kuruka hakunishangazi. Ile ya zamani ilishakula meno ya gia ya nyuma, nawe umevalisha cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka kama ya papa. Vile hubadilishwa pamoja. Spoku nazo, maji ya samaki yanachuruzika kutoka kwenye tenga, chumvi inazila zote kwa mpigo. Fundi akibadilisha mbili leo, wiki ijayo zinakatika za jirani yake. Hapo ndipo hela yako inapoishia, na mkeo ameliona hilo kabla yako.

La kuamua ni fremu. Mwambie fundi avue kila kitu, apige msasa chini kwenye ekseli ya pedali, maji yanakotuama, na pale shingoni juu ya uma wa mbele. Mkiona ufa shingoni, basi. Atakwambia "nitachomelea, itakuwa ngumu kuliko mwanzo" (mafundi wetu hawajawahi kukataa kazi), lakini wewe unateremka kilima na tenga limejaa, malori nyuma yako. Usikubali.

Fremu ikiwa nzima, tengeneza, ila mara moja: cheni na gia zake, spoku zote za nyuma, gololi, tairi. Taka bei ya jumla kabla hajashika spana. Ikipita nusu ya bei ya mpya dukani, mimi niko upande wa mkeo. Na ukinunua mpya, usiipakie samaki siku hiyohiyo. Spoku za kiwandani mara nyingi zimelegea, fundi azikaze kwanza, na azirudie baada ya wiki chache.

Sasa mama. Kitu cha marehemu kumuuzia mtu baki, hata mimi ningelia. Kwa nini uiuze? Fremu ikiwa nzima, mpe mdogo wako au mpwa aendee shule, mama awe anaiona ikipita. Ikiwa na ufa, ng'oa keria aliyoitumia baba uifunge kwenye mpya. Nenda mwenyewe ukamweleze, jioni akiwa ametulia, na useme uamuzi ni wako. Ukimtanguliza mkeo, lawama zote zitamwangukia yeye, na hizo hakuna fundi wa kuzinyoosha.

Chini ya tenga tandika nailoni nzito, na ukifika nyumbani mwagia rimu maji ya bomba.