Kwa nini kampuni moja iunde droni na pia ishughulikie nishati safi

Umeuliza ndege zisizo na rubani na nishati safi zinakutanaje ndani ya kampuni moja. Jibu liko kwenye uzito: ndege ndogo hubeba betri ndogo, kwa hiyo anayetaka ikae angani kwa muda mrefu hulazimika kuwa mtaalamu wa kuhifadhi na kubana umeme, na utaalamu huo hufaa pia ardhini.

Mfano bora ni AeroVironment ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1971 na mhandisi Paul MacCready. Mwaka 1981 ndege yake ya Solar Challenger, iliyokuwa na rubani, ilivuka bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza kwa nguvu ya jua pekee. Baadaye, ikishirikiana na NASA, kampuni hiyo iliunda Helios isiyo na rubani, yenye mabawa ya takriban mita 75, ambayo mwaka 2001 ilipanda zaidi ya mita 29,000, ingawa miaka miwili baadaye ilivunjika juu ya Bahari ya Pasifiki. Nalo gari la jua la Sunraycer, ambalo ilishiriki kulibuni, lilishinda mashindano ya kuvuka Australia mwaka 1987.

Hata hivyo, biashara hizi mbili si lazima zidumu pamoja: mwaka 2018 AeroVironment iliuza kitengo chake cha chaja za magari ya umeme kwa Webasto ya Ujerumani, kwani fedha zake nyingi zilitoka kwenye droni za jeshi.