Usiongeze jani la springi hata moja kwenye Hilux kabla hujapima ekseli ya nyuma

Mkuu, acha kwanza. Kama hayo majani matatu ya springi ya lori la Canter bado hayajafungwa, mwambie fundi ayaache chini, mlipe jasho lake la kufungua boti, ondoka na gari lako.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Una Hilux ya kebini moja yenye injini ya 5L, unataka kuanza kushusha kabichi na viazi toka Lushoto, ukipakia nyuma inakaa chini, na fundi amekwambia ukiongeza majani matatu ya springi "itabeba tani mbili bila shida". Unauliza bora majani au eabegi (mifuko ya hewa ya kuinua nyuma ya gari), shokapu gani, tairi gani na bei zake. Nitaanza na hayo majani, maana yananihusu.

Mimi niliambiwa maneno hayohayo. Gari la aina hiyo, barabara hiyohiyo ya kushuka Soni hadi Mombo. Fundi aliokota majani kwenye rundo la vyuma nje ya gereji, akayasaga ubavu kwa grainda yapate kuingia, akafunga kwa yuboti zilezile za zamani, zile boti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, akapiga gari kofi akasema sasa hili ni lori. Likiwa tupu lilisimama limeinua makalio, na likipakiwa lilikaa sawa kabisa, kama halina kitu. Kila aliyeliona alisifia. Hilo la kukaa sawa na mzigo mgongoni ndilo lililokuwa sumu, na fundi mwenye miaka yote ile kazini hakusema neno.

Sikiliza sasa, hapa ndipo penyewe. Ingia chini ya gari lako, angalia juu ya difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Hilux nyingi za enzi ya injini hiyo, zisizo na ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), zina valvu ya breki iliyofungwa kwenye chesisi, na toka kwenye valvu hiyo inatoka fimbo ndefu ya chuma inayoshikwa kwenye difu. Kazi yake ni kusoma mzigo. Ukipakia, chesisi inashuka karibu na difu, fimbo inasukumwa, valvu inaruhusu presha zaidi iende kwenye breki za nyuma. Gari likiwa tupu, chesisi iko juu, valvu inabana presha ili magurudumu ya nyuma yasijifunge ukikanyaga ghafla kwenye utelezi. Toyota hawakuiweka kwa urembo.

Ukiongeza majani magumu, chesisi haishuki tena. Una tani nzima mgongoni, lakini fimbo bado iko pale inapokuwa gari likiwa tupu, na valvu inaamini hujabeba kitu. Inazinyima breki za nyuma presha. Karibu kazi yote ya kusimamisha gari na mzigo inaangukia diski mbili za mbele. Mjini hutagundua. Segera hadi Korogwe hutagundua. Utagundua mteremkoni, kona baada ya kona, upande mmoja mwamba na upande wa pili korongo.

Mimi niligundua chini ya Soni, na viazi hadi juu ya kingo za bodi. Kwanza harufu ya padi kuungua. Kisha pedeli ikaanza kwenda chini zaidi kila nikikanyaga, laini, bila ukinzani, kwa sababu mafuta ya breki yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, hausukumi kitu. Nilishusha gia, nikavuta hendibreki, nikalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Lilisimama kwa kugonga. Kijana wangu wa mizigo alivunjika mkono. Ana familia, anaishi kwa mikono yake, na kwa muda mrefu mkono huo haukubeba gunia. Diski zote mbili zilipasuka, mkono wa sasipensheni ulipinda, na viazi vya watu niliowaahidi kufikisha mzigo sokoni alfajiri vilibaki vimemwagika barabarani. Viazi nililipa. Mkono wa yule kijana haulipiki.

Nikarudi kwa fundi kumuuliza kuhusu ile valvu. Akasema, "Ile? Ile huwa tunaifunga kwa waya tu." Mkuu, mpaka leo nikikumbuka jibu lile napandwa na hasira. Mtu anajua kwamba kuna kitu pale, anajua kina uhusiano na breki, halafu anakifunga kwa waya au anakiacha kimdanganye mteja, kwa sababu mteja ameomba springi na hakuomba breki! Na ukifunga fimbo kwa waya ili ibaki juu, breki za nyuma zitapewa presha ya mzigo muda wote: siku utakayorudi tupu na mvua imenyesha, magurudumu ya nyuma yatajifunga na mkia wa gari utakupita. Anayekupa ushauri huo asiguse breki za mtu yeyote.

Muuza vipuri naye ana lake. Ukimwambia gari linakaa chini, anakuuliza unataka majani mangapi. Hakuulizi unabeba kilo ngapi. Daktari anayekuuliza unataka vidonge vingapi kabla ya kukuuliza unaumwa nini, ungemkimbia.

Najua wapo watakaokuja hapa chini kusema Hilux ya mzee wao imebeba tani mbili toka zamani na haijawahi kugoma. Sawa. Na mimi nilishuka na mzigo salama siku nyingi kabla ya siku ile. Waulizeni kama wanashuka Soni.

Na hayo majani ya Canter yenyewe: ugumu wa jani unakua kwa kipeo cha tatu cha unene wake, yaani unene mara unene mara unene. Jani la milimita 10 ni gumu karibu mara tatu ya jani la milimita 7 lenye upana na urefu uleule. Matatu ya namna hiyo yakichanganywa na ya Hilux, hayapindi pamoja, kila moja linafanya kazi yake, na kishindo cha kila shimo kinakwenda moja kwa moja kwenye vishikio vya springi na chesisi. Chunguza pikapu za mizigo za zamani nyuma ya kebini, uone viraka vya kuchomelea. Jani lililosagwa ubavu nalo lina mikwaruzo, na ufa wa chuma cha springi huanzia kwenye mkwaruzo. Springi haiongezi tani za gari. Difu ni ileile, beringi ni zilezile, chesisi na breki ni zilezile.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na sitaibadilisha: pima ekseli ya nyuma kabla ya kununua chochote. Mizani ya barabarani ni ya magari ya kuanzia tani 3.5, hiyo usiitegemee. Tafuta kiwanda, ghala la nafaka au mnunuzi mkubwa wa chuma chakavu mwenye mizani ya magari, mwombe kwa heshima, mpe chochote. Panda gari zima, andika. Kisha sogeza hadi magurudumu ya nyuma peke yake yawe juu ya mizani, andika. Fanya hivyo likiwa tupu, na ufanye hivyo likiwa na mzigo wako wa kawaida, siyo ule wa ndoto.

Usiniambie unajua uzito kwa kuhesabu magunia. Hii ni Lushoto. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanapigana na lumbesa kila msimu, lakini wewe na mimi tunajua gunia linaloshonewa kilemba juu lina kilo ngapi. Hakuna anayejua. Gunia kumi za "mia" zinaweza kukuzidishia uzito wa watu kadhaa, na Hilux ya kebini moja imeundwa kwa takriban tani moja, dereva na abiria wakiwemo.

Halafu mzigo ulikaa wapi? Chukua gari lenye mita 3 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kilo 300 ukiziweka mita moja nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma inabeba 400, na mbele panapungua 100. Mbele ndipo usukani ulipo, na ndipo diski zako zilipo. Wengi wenye gari "linalokaa chini" wangepona kwa kusogeza magunia mazito yaegemee kebini na kabichi zije nyuma. Hilo ni bure.

Ukishapata namba ya nyuma, linganisha na uzito wa juu wa ekseli ulioandikwa kwenye kibati cha gari au kitabu chake. Ukiwa umezidi, hakuna springi itakayokuokoa: punguza mzigo au tafuta Canter. Ukiwa chini ya kiwango na bado nyuma inalala, basi majani yako yamechoka. Nunua seti kamili mpya ya Hilux ya kazi nzito, iliyotajwa kilo zake, na yuboti mpya, kwa sababu yuboti iliyokazwa ikavutika haikazwi tena. Siku hiyohiyo valvu irekebishwe. Utaratibu wa kiwanda wa kuirekebisha unaanzia kwenye uzito unaojulikana wa ekseli ya nyuma, na presha inapimwa kwa geji. Fundi asiyekuuliza uzito hawezi kuirekebisha, anabahatisha.

Eabegi sizipendi kwa kazi yako. Springi ya majani inagawa mzigo kwenye chesisi mbele na nyuma, eabegi inausukuma sehemu moja juu ya difu, na ukiwa na mzigo unaoning'inia nyuma, chesisi inapindia hapo. Tena zinainua gari vilevile, na valvu inadanganywa vilevile.

Kapime, mkuu. Weka hapa namba nne: gari zima na ekseli ya nyuma, tupu na lenye mzigo. Piga na picha ya ile fimbo juu ya difu, tuone kama hujauziwa gari ambalo tayari limefungwa waya. Za shokapu tutazungumza hapo.