Punguza traki kwanza, ndugu

Ndugu, umesema wimbo wako wa tekno ya viwandani (muziki wa kielektroniki wenye sauti za mashine) una traki 28, yaani tabaka za sauti, na bado kiki, lile pigo zito la ngoma, haisikiki. Hizo 28 ndizo zinazoimeza. Zima zote, ubaki na kiki peke yake, mapigo 135 kwa dakika.

Ule mngurumo wa chini unaousikia kwenye tekno ya Berlin mara nyingi si besi, ni kiki ileile. Ipeleke kwenye mwangwi kupitia chaneli ya pembeni, uchafue mwangwi huo kwa distosheni (athari ya kuikwaruza sauti), kata karibu kila kitu kilicho juu ya masafa ya hezi 150, halafu kompresa, kifaa cha kubana sauti, iushushe mngurumo kila kiki inapogonga. Muda wako umalizie hapo. Mimi hukaa saa nzima mpaka chai inapoa.

Sauti za kiwanda usinunue. Gonga karai kwa kijiko, rekodi kwa simu, ishushe oktavu mbili iwe nzito. Geti la chuma nalo linalia vizuri, majirani wakikuvumilia.

Haihati moja, ule mlio mwembamba wa matoazi, inatosha. Fungua filta yake (kichujio cha sauti) polepole kwa ba 32, yaani vipande 32 vya mapigo manne manne, usiongeze kitu hata mkono ukikuwasha. Melodi? Achana nayo.