Duka na Simu: Mteja kaonyesha meseji, hela haijaingia

Barua za mwezi huu nyingi zinalia kilio kimoja, hela ya kwenye simu ambayo mwenye duka kaiona kwa macho lakini haipo. Kwahiyo hilo ndo tunaanza nalo na ndo nimeliandikia kirefu, mengine yanafuata. Majina tumeyatoa kama kawaida yetu, tumebakiza kazi na mtaa.

Kaka habari za kazi. Nauza vitenge na mashuka Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Jumamosi duka limejaa kaja mdada kachagua doti tatu, akasema analipa kwa simu, akatuonyesha meseji kwenye simu yake imeandikwa kabisa imethibitishwa na jina langu lipo. Kijana wangu akamfungia mzigo akaondoka. Jioni napiga hesabu, hela haipo, na huduma kwa wateja wanasema hakuna muamala kama huo. Sasa nifanyeje, nikatae malipo ya simu moja kwa moja? (Muuza vitenge, Kariakoo)

Pole sana dada. Nenda kituoni ukachukue RB, na kama jirani ana kamera inayoangalia mlango wako muombe akutunzie picha za siku hiyo kabla hazijajifuta, ila kuipata hiyo hela usiweke matumaini makubwa. Malipo ya simu usiyakatae lakini. M-Pesa iko Tanzania tangu 2008, mteja wa leo anashuka kwenye gari la mkoani na simu tu, ukimwambia cash anavuka barabara anaenda duka la pili.

Kosa liko sehemu moja tu, mliangalia simu YAKE. Simu ya mteja haithibitishi chochote, meseji mtu anaweza kuichukua ya zamani akabadilisha jina na kiasi, au ikawa ni skrinishoti ya muamala wa mtu mwingine kabisa. Meseji inayohesabika ni ile iliyoingia kwenye simu ya duka. Na hiyo nayo usiimeze nzima nzima, angalia imetoka kwa nani. Ya kweli inakuja na jina la huduma na inajipanga palepale zilipo meseji zako za miamala ya nyuma, ikija na namba ya kawaida inayoanza na 07 au 06, hiyo ni ya mtu kakaa sehemu anaandika.

Alafu kuna kitu wengi hawakiangalii na ndo kinachowakamata hawa jamaa vizuri kuliko vyote: SALIO. Meseji ya kupokea hela mwishoni inakutajia salio lako jipya, na tapeli hajui una shilingi ngapi. Tuseme meseji ya mwisho ilisema una 412,500, mteja kanunua vya 45,000, basi mpya lazima isome 457,500. Ikija inasema salio lako ni 61,200 ujue hapo unachezewa sinema. Uzuri wake ni kwamba kijana anaweza kufanya hiyo hesabu bila kujua namba yako ya siri, anasoma meseji mbili tu, ya juu na ya chini, basi. Ila ukitoa hela kwenye hiyo laini mwambie, au aisome na meseji ya kutoa, asije akamzuia mteja wa watu bure.

Na hiyo simu ya duka ikae DUKANI jamani. Wenye maduka wengi laini ya Lipa Namba wanatembea nayo, bosi kaenda msibani Mbagala, kijana anampigia "bosi imeingia?", bosi yuko kwenye daladala makelele matupu anajibu "eeh mpe", kumbe hata hajaangalia. Tafuta kiswaswadu, kile cha batani kinachokaa na chaji siku mbili tatu, weka laini ya duka humo, kifungwe na kamba pale kaunta. Namba ya siri inabaki kichwani mwako. Kijana anaona kinachoingia ila kutoa hawezi.

Muamala ukichelewa kweli, maana mtandao nao una siku zake hasa mwisho wa mwezi, mpe mteja kiti asubiri. Aliyelipa atakaa, atanung'unika lakini atakaa. Mwenye haraka ya ghafla hapo ndo umtazame usoni vizuri. Na ukitoa risiti andika na namba ya kumbukumbu ya muamala, maana kuna wengine wanalipa kweli, wakifika mbele wanapiga simu kudai walikosea namba wanataka warudishiwe. Akikupigia mtu mwenyewe "nimekosea kutuma nirudishie", usimtumie kwa mkono wako hata akilia, mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake, wao ndo wanarudisha.

Namba iliyokutapeli au kukutumia meseji ya kitapeli, ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii", itume kwenda 15040, ndo namba iliyowekwa kwa ajili hiyo. Na ukiwa hapohapo piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, unaweza kukuta moja usiyoijua, na hiyo ndo mtu anatapelia watu kwa jina lako.

Mimi nina steshenari maeneo ya Msewe, wateja wangu wengi wanachuo. Kila siku mtu anakuja na flashi, ukichomeka mafolda yote yamegeuka shotikati, ukifungua hamna kitu. Jana mmoja kalia kabisa, ilikuwa tafiti yake. Ananilaumu mimi. (Steshenari, Ubungo)

Mwambie anyamaze, tafiti ipo. Hicho kirusi mara nyingi hakifuti mafaili, kinayaficha tu alafu kinaweka shotikati za uongo juu yake, na ukizibofya unakuwa umekiwasha kihamie kwenye kompyuta yako, kutoka hapo kinapanda flashi ya mteja anayefuata. Ndo maana wanakulaumu, na samahani mdogo wangu, mara nyingine wana haki.

Fanya hivi. Chomeka flashi, usibofye kitu, angalia imepewa herufi gani, tuseme E. Fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandikia amri, litafute kwenye menyu ya Start), andika hivi kama ilivyo na nafasi zake:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Piga enter usubiri. Mafaili ya kweli yatajitokeza, wakati mwingine yanakuwa ndani ya folda lisilo na jina. Yakopi pembeni, skani na ile Defender inayokuja na Windows yenyewe (ya bure, inatosha, hizi antivairasi za kukraki ndo zenyewe zinaleta magonjwa), alafu fomati flashi urudishe mafaili. Ukimaliza skani na kompyuta yako nzima, usijifanye mzima.

Kwa mbele ningekushauri upunguze flashi. Tengeneza imeili ya ofisi au namba ya WhatsApp ya kupokelea kazi, ibandike ukutani kwa maandishi makubwa, mtu atume PDF uprinti. Ila sasa hapo linakuja lingine ambalo hujaniuliza na mimi nalisema. Nimeingia steshenari nyingi hapa mjini, desktopu imejaa vyeti vya kuzaliwa vya watu, vitambulisho vya NIDA, barua za mkopo, hadi neno la siri la mtu la kuombea ajira limeandikwa kwenye notipadi, na kila mteja anayeinama kuchagua faili lake anayaona. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na haijasema duka dogo lisamehewe. Weka folda moja linaitwa LEO, kazi zote zishukie humo, jioni ukifunga unafuta lote na unamwaga na ile risaikobini. Na wasapu ya kompyuta nayo, chati zilizoisha futa.

Shikamoo kaka. Fundi kaniambia laptopu yangu ya Windows 10 imekufa rasmi ninunue nyingine, yeye anayo ya kuniuzia. Mbona inawaka? Natumia kuandika oda na risiti za kiwanda changu cha sabuni. (Mjasiriamali, Tegeta)

Marahaba. Inawaka na itaendelea kuwaka. Kilichotokea ni kwamba Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake mashimo ya usalama yanayogundulika baada ya hapo hayazibwi tena. Kwa kompyuta za watu binafsi wameweka nyongeza ya apdeti za usalama hadi Oktoba 2026, unajiandikisha kule kwenye setingi za apdeti. Kwahiyo fundi hajadanganya yote, kadanganya nusu ile inayomuuzia laptopu.

Kabla hujatoa hela angalia kama yako inapokea Windows 11. Nenda setingi, sehemu ya kuhusu kompyuta, soma jina la prosesa. Kama ni Intel iko kitu kama i5-6300U, namba ya kwanza baada ya kistari ndo kizazi chake, hiyo ni ya 6 (ikianza na 10 kwenda juu soma zile mbili za mwanzo). Windows 11 wanataka kuanzia kizazi cha 8. Na hapa ndo uwe makini na huyo fundi, maana laptopu za mtumba zilizojaa mjini nyingi ni za kizazi cha 6 na 7, utauza ya kwako ununue yenye ugonjwa uleule ila imepakwa polishi. Kama shida yako ni uzito tu, muulize bei ya kubadilisha diski kuweka SSD (diski ya kisasa yenye kasi) na kuongeza ramu ifike 8GB, kwa kazi ya oda na risiti utaiona kama mpya.

Natengeneza keki Sinza, nataka kuhamia WhatsApp Business ila naogopa namba yangu itapotea na wateja wote. (Mama keki)

Haipotei mama. Ni apu ya bure, ipo tangu 2018. Fanya bakapu kwanza, alafu ukiiweka chagua namba ileile, chati zinahamia. Usichoweza ni kutumia namba moja kwenye apu zote mbili kwa wakati mmoja. Ukishaingia jaza katalogi, na tafadhali weka BEI. Hii tabia ya "bei njoo inboksi" sijui nani alituletea, mtu anataka keki ya kilo mbili ya Jumapili, anakuuliza bei, uko jikoni hujajibu, kashaagiza kwa mwingine. Majibu unayorudia kila siku yahifadhi kama majibu ya haraka, ukiandika mkwaju / yanakuja, ile habari ya malipo ya awali na mwisho wa kupokea oda.

Na leo leo washa uthibitisho wa hatua mbili, uweke PIN. Akikupigia mtu "samahani dada nimekosea, kuna kodi ya tarakimu sita imekuja kwako nisomee", usimsomee, hiyo ndo funguo ya akaunti yako, ukimpa anaingia na anaanza kukopa kwa wateja wako wote kwa jina lako.

Nina duka la rejareja Mbagala. Madeni yangu yako kwenye daftari, mtoto wa form four anasema niweke Excel. Kompyuta sina. (Mangi)

Simu inatosha mangi. Excel ipo ya simu, na Google Sheets ipo, zote bure kwa kazi yako. Ila usije ukamuacha mtoto akakutengenezea jedwali la safu ishirini zenye rangi, hutalijaza hata wiki. Safu nne: tarehe, jina, kitu, kiasi. Akikopa unga wa 5,000 unaandika 5000, akilipa 3,000 mstari mpya unaandika -3000. Tarakimu tupu, usiweke Tsh wala /=, ukiweka inaona ni maneno haijumlishi. Ukitaka kujua mtu anadaiwa ngapi, kwenye kiboksi pembeni:

=SUMIF(B:B,"Mama Juma Kisimani",D:D)

Inakuletea kilichobaki. Jina liandikwe vilevile kila mara, na kina mama Juma mtaani kwako najua wako zaidi ya mmoja ndo maana nimeweka Kisimani. Kwa Sheets washa faili lifunguke bila intaneti, bando likiisha unaandika, ukipata mtandao linajipeleka lenyewe.

Daftari usilitupe. Wengine wakikopa wanataka waone unaandika kwa kalamu, ndo wanaamini. Jioni piga picha ukurasa wa siku hiyo. Ila angalia nafasi, Google wanakupa GB 15 za bure na siku hizi bakapu ya WhatsApp ya Android inakula humohumo, zile video za magrupu zinajaza alafu bakapu inasimama kimya kimya bila wewe kujua. Zima video kwenye bakapu.

Nataka simu ya mtumba ya kupigia picha za viatu vyangu. Nitajuaje sio ya wizi au feki? (Muuza viatu, Manzese)

Piga *#06#, namba za IMEI (utambulisho wa simu yenyewe) zitatokea, zilingane na za kwenye boksi kama lipo. Tuma hiyo IMEI kwenda 15090 utajibiwa ni simu ya aina gani, wakikutajia aina nyingine kabisa na unayoishika, irudishe. Simu feki TCRA walizizima tangu Juni 2016, usije ukanunua saa ya ukutani. Alafu mwambie muuzaji aifute yote mbele yako na aiwashe upya mpaka mwisho. Ikiomba akaunti ya Google au ya Apple ya mtu wa zamani na yeye hana neno la siri, hiyo imeibwa au itakusumbua kama iliyoibwa. Akisema "hiyo kuna fundi wa juu anaitoa buku kumi tu", rudisha hela mfukoni, mtaa wa Aggrey una maduka mengine.