Maswali na majibu: Mchoro, uchafu na polisi

Barua za safari hii karibu zote zinahusu michoro: vibonzo, manga, stika, picha za akili bandia. Za matusi nimeziweka kando. Na mkumbuke mimi ni mwandishi wa habari za mahakama hapa Uganda, joho sijawahi kuvaa. Ukishawekwa ndani, tafuta wakili, usinitafute mimi.

Mteja ameniletea mchoro wa mheshimiwa mmoja akiwa uchi, amekalia gunia la pesa. Anataka fulana 200. Mimi nachapa tu, sikuchora. Nikikamatwa nikasema hivyo, itatosha? (Mchapaji, Nasser Road)

Haitatosha, ssebo. Kanuni ya Adhabu, kifungu tulichokizoea kama cha 166, inamshika anayetengeneza na hata anayekutwa na vitu vichafu, ilimradi viwe vya biashara, vya kusambazwa au vya kuonyeshwa hadharani. (Toleo jipya la sheria zetu lilipoanza kutumika Julai 2024 namba nyingi zilihama, kwa hiyo ukijitetea taja maneno ya sheria, namba mwachie wakili.) Orodha yenyewe ni ndefu: maandishi, michoro, mabango, nembo, picha za kamera, filamu. Kifungo ni hadi miaka 2. Aliyechora yumo, na wewe mwenye mashine umo.

Kama mchoro huo kweli ni mchafu, hapo ndipo ngoma inapochezwa, kwa sababu kifungu hakisemi uchafu ni nini. Maneno yake tuliyarithi kwa Mwingereza, na nyuma yake kuna kipimo cha kesi ya Uingereza ya mwaka 1868: je, kitu hiki kinaelekea kuwapotosha wale ambao akili zao ni rahisi kupotoshwa? Yaani taifa zima linapimwa kwa mtu dhaifu kuliko wote. Waingereza wenyewe walibadilisha sheria yao mwaka 1959, wakataka kazi itazamwe yote kwa jumla na waangaliwe wale wanaoelekea kuisoma. Sisi tumebaki na kitambaa walichokivua.

Utetezi upo. Ibara ya 29 ya Katiba inalinda uhuru wa kujieleza, na Ibara ya 43 inasema mipaka yake isizidi ile inayokubalika na inayoweza kuthibitishwa katika jamii huru ya kidemokrasia. Mwaka 2004, katika kesi ya waandishi wa habari Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo, ikaeleza kwamba kauli haipotezi ulinzi wa Katiba eti kwa kuwa wengine wanaiona ya uongo au inawakera. Mheshimiwa uchi juu ya gunia la pesa anachekwa, hatamaniwi. Mbele ya jaji msikivu ningeuweka utetezi huo mezani bila woga.

Lakini wewe hutaanzia kwa jaji. Utaanzia kwa afande anayechomoa nyaya za CPU yako na kuibeba kama kielelezo. Ndani yake mna kadi za harusi ya Jumamosi, vitabu vya risiti vya duka la Kikuubo na mitihani ya shule uliyoahidi kuitoa Jumatatu. Kesi inaweza kufutwa baada ya miezi mingi, na siku hiyo CPU inarudi bila diski. Wachapaji hukamatwa kwanza kwa sababu moja tu: mashine haikimbii. Ukiamua kuichapa kazi hiyo, mwenye mchoro atie sahihi na akuachie nakala ya kitambulisho, na faili lake likae kwenye flashi yake. Akikataa, umeshajua yeye mwenyewe anaiogopa kazi yake kiasi gani.

Hivi ile sheria ya minisketi bado ipo? (Wengi, tena na tena)

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Sheria ya Kupambana na Ponografia ilitiwa sahihi na Rais Museveni Februari 2014. Neno minisketi halimo ndani yake. Lilitoka midomoni mwa wanasiasa, na likatosha kuwafanya wahuni wa mjini wawavue wanawake nguo barabarani. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake vikuu, kikiwemo kile kilichotafsiri ponografia na kile kilichotoa adhabu ya hadi miaka 10 au faini ya shilingi milioni 10.

Sababu kubwa ni kwamba tafsiri ilikuwa pana mno, mtu hawezi kujua amevuka mpaka wapi, na Ibara ya 28 inataka kosa liwe limeelezwa wazi. Ukisoma tafsiri ile utaona ni ya kuazima. Inafanana mno na itifaki ya Umoja wa Mataifa ya kulinda watoto dhidi ya ponografia, ambayo Uganda imejiunga nayo, isipokuwa palipoandikwa "mtoto" paliwekwa "mtu". Silaha iliyofuliwa kwa ajili ya wanaowadhulumu watoto ikageuzwa kwa watu wazima wote, na miongoni mwa waliotangulia kulala rumande kwa sheria hiyo alikuwa mwanamuziki wa kike, kwa sababu ya video ya wimbo. Wauza watoto mtandaoni waliendelea na biashara.

Kwa hiyo jibu: sehemu kubwa imekufa, Kanuni ya Adhabu ipo, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ipo. Msiniulize tena.

Nasoma sanaa Makerere. Tunachora mwili wa binadamu bila nguo darasani. Baba amekuta daftari langu, anasema ni jinai. (Mwanafunzi, Wandegeya)

Si jinai. Daftari la mazoezi si biashara wala maonyesho. Baba yako mpe heshima yake, mwonyeshe ratiba ya somo, na michoro hiyo usiibandike TikTok.

Mwanangu wa miaka 16 anachora manga, anachora vizuri. Kwenye simu yake nimekuta vibonzo vya Kijapani, vingine vina wasichana wa shule wakifanya mambo ya watu wazima. Anasema si watu wa kweli kwa hiyo si kosa. Nifanye nini? (Mama, Mbale)

Mama, mwanao amesikia nusu ya habari. Japani walipopiga marufuku mwaka 2014 kumiliki picha za ngono za watoto, waliacha manga nje ya sheria. Lakini Mbale haiko Japani. Sheria yetu ya Kompyuta ya mwaka 2011 imejumuisha mambo matatu: mtoto, mtu anayeonekana kama mtoto, na picha zinazowakilisha watoto kwa namna inayofanana na uhalisia. Adhabu ni hadi miaka 15. Kibonzo chenye macho makubwa kama sahani kinaweza kuzua ubishi kama "kinafanana na uhalisia". Ubishi huo sitaki mwanao awe ndiye wa kuupeleka mahakamani. Uingereza hawakuacha nafasi ya ubishi: sheria yao ya mwaka 2009 inakataza hata kumiliki michoro ya namna hiyo, kifungo hadi miaka 3.

Cha kufanya: kaa naye, avifute vibonzo hivyo mbele yako. Usimpige, na usimnyang'anye penseli. Mtoto anayechora vizuri ana kazi mbele yake. Na nakuomba, nnyabo, usivitume kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi kwa nia ya kuwaonya wengine. Wazazi wengi wema wanasambaza uchafu kwa njia hiyo, na sheria haina kifungu cha nia njema ya WhatsApp. Kama kuna mtu mzima anayemtumia mwanao vitu hivyo, hilo ni jambo jingine na ni zito: piga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto, kisha nenda polisi.

Nikimchora msichana mdogo lakini niandike pembeni kwamba ni jini wa miaka 900? (Bila jina)

Hapana. Na usiniandikie tena.

Marekani wanaruhusu kila kitu, sisi tumebanwa. Kwa nini tusiige? (Msomaji, Jinja)

Nani kakwambia wanaruhusu kila kitu? Mahakama yao ya Juu iliweka kipimo cha uchafu mwaka 1973, chenye masharti matatu ya kutimizwa kwa pamoja, na moja ni kwamba kazi iwe haina thamani ya maana ya kifasihi, kisanaa, kisiasa wala kisayansi. Mwaka 2002 mahakama hiyo hiyo ilisema picha za watoto zilizobuniwa, pasipo mtoto wa kweli, haziwezi kupigwa marufuku kwa jumla. Mwaka uliofuata Bunge lao likatunga sheria inayotaja michoro na katuni kwa jina, zikiwa chafu kwa kipimo kile. Mkusanyaji mmoja wa manga huko Iowa alihukumiwa kifungo cha miezi 6 mwaka 2010.

Cha kuiga ni lile sharti la thamani. Mtu apewe nafasi ya kusema: kazi yangu ina maana hii.

Nilichora kiongozi amevaa chupi tu. Mhariri ameikataa, anasema ni uchafu. Ni uchafu au ni siasa? (Mchora vibonzo, Ntinda)

Ni siasa, na mhariri wako anajua. Anachoogopa ni Sheria ya Kompyuta. Msomi na mwanaharakati Stella Nyanzi alihukumiwa miezi 18 Agosti 2019 kwa shairi la Facebook kuhusu Rais na mama yake. Kosa lilikuwa unyanyasaji wa mtandaoni, kifungu kinachozungumzia maneno machafu na ya aibu. Februari 2020 Mahakama Kuu ilimwachia, wakati alikuwa ameshakaa ndani zaidi ya mwaka. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha mawasiliano ya kuudhi, lakini kile kilichomfunga Nyanzi hakikuwa hicho.

Hapa ndipo ninapowagombeza wabunge wetu kila mara: "uchafu" kwa kinywa chao ni neno la kumlinda mkubwa asichekwe. Jihadhari pia na mchoro wa wapenzi wa jinsia moja, hata wa kuchekesha. Sheria ya mwaka 2023 dhidi ya ushoga ina kosa la "kukuza", linalogusa kuchapisha na kusambaza, na kifungo chake ni hadi miaka 20. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame.

Mwanamume niliyemkataa alichukua uso wangu Facebook, akautia kwenye programu, nikatoka uchi. Ameisambaza kwa wafanyabiashara wenzangu sokoni. Kituoni wameniambia: huu ni mchoro tu, si wewe. (Muuza nguo, Gulu)

Dada, wamekudanganya. Uso ni wako, sokoni wamekujua wewe, aibu unaibeba wewe. Mchoro wa kubuni ni ule usio na mtu wa kuumia. Na aliyesambaza picha chafu amegusa Kanuni ya Adhabu hata kama ameitengeneza kwa kompyuta.

Rudi kituoni na vitu mkononi: picha za skrini zinazoonyesha namba ya mtumaji, tarehe na saa, zichapishwe, na simu yenyewe usifute kitu. Andikisha maelezo, usiondoke bila namba ya SD, yaani namba ya shauri lako kwenye kitabu cha kituo. Wakikataa, panda kwa mkuu wa kituo, kisha kwa kamanda wa wilaya. Njia ya pili ni madai: Ibara ya 24 inalinda utu wako, ya 27 faragha yako, ya 50 inakupa mlango wa mahakama, na tangu 2019 kuna sheria ya kutekeleza haki hizo. Andaa moyo kuulizwa ulivaa nini kwenye picha ya Facebook. Mwaka 2014 wanawake waliovujishiwa picha zao ndio waliotishiwa kukamatwa, na fikra hizo hazijaisha. Swali hilo usilijibu. Halihusiani na kesi.

Bodaboda yangu ina stika ya mwanamke uchi nyuma. Afande amenitoza. (Dereva, Busia)

Itoe, hiyo ni kuonyesha hadharani na watoto wa shule wanakufuata nyuma. Ila afande hana kifungu cha kupokea faini barabarani mkononi. Akikuweka ndani, bondi ya polisi ni bure; akikudai pesa, muulize bango linalosema hivyo liko ukutani kwa ajili ya nani.