Kiti cha daktari wa meno si mahali pa kusaini

Ukishalazwa kwenye kile kiti, mdomo wazi, taa imekumulika usoni na nusu ya shavu ina ganzi, huna ubavu wa kubishana na mtu. Nadhani ndiyo maana biashara nyingi ya kliniki za meno hufanyika hapo hapo. Mimi nilikwenda kusafisha meno tu. Nikatoka na karatasi yenye mistari mingi: meno matatu ya kuziba, gego moja la kuvishwa kofia, usafishaji wa kina wa fizi zote, dawa ya kupaka ndani ya fizi, kinga ya kuvaa usiku, na mwisho wa karatasi, punguzo kwa atakayelipa leo. Daktari mwenyewe nilimwona kwa muda mfupi sana. Aliyekaa nami kwa utulivu ni kijana mmoja mchangamfu mwenye tableti (kompyuta ya mkononi, si kidonge), cheo chake mratibu wa matibabu, na la kwanza aliloniuliza ni kama nalipa kwa bima au kwa awamu. Hakuniuliza kama nimekubali.

Nikamwambia nitafikiria. Akanijibu kwa huruma kubwa kwamba fizi hazisubiri.

Zilisubiri. Nilichukua picha zangu za eksirei nikazipeleka kwa daktari mwingine, naye akazitazama, akanipima fizi, akasema jino moja lizibwe, mawili tuyaangalie, na fizi zisafishwe kama kawaida. Kofia hakuona ni ya nini.

Sitaki kusema yule wa kwanza ni tapeli, maana udaktari wa meno una mambo mengi ambayo madaktari wawili waaminifu wanaweza kutofautiana. Doa dogo la kuoza ambalo bado limo kwenye tabaka gumu la nje la jino, mmoja atalichimba na kuliziba, mwingine atalipaka floraidi na kulifuatilia, kwa kuwa katika hatua hiyo linaweza kukoma au hata kuimarika tena. Lakini kuziba kuna malipo makubwa, kusubiri karibu hakuna, na hapo ndipo mashaka yangu yanapoanzia. Mwaka 1997 mwandishi wa Marekani, William Ecenbarger, alipeleka mdomo wake kwa madaktari wa meno 50 katika majimbo 28. Makadirio aliyopewa yalianzia takriban dola 500 na kufika karibu dola 30,000. Mdomo ni ule ule. Miaka ya karibuni watafiti wa Uswisi walimtuma mgonjwa wa majaribio, asiyehitaji tiba yoyote, kwa madaktari wa meno 180, na asilimia 28 walimpendekezea matibabu. Kilichonivutia zaidi katika utafiti huo ni kwamba waliokuwa na nafasi za karibu kwenye ratiba ndio waliopendekeza zaidi. Tangu nisome hayo, daktari ambaye kumpata ni lazima usubiri wiki mbili hanichukizi tena.

Siku hizi nikiambiwa jino lina tatizo nasema, "Dokta, naomba unioneshe." Nioneshe kwenye picha, uniambie ni jino namba ngapi, na doa limefika wapi. Katika mfumo unaotumika nchi nyingi kila jino lina tarakimu mbili: ya kwanza inataja robo ya mdomo, ya pili nafasi ya jino kuanzia katikati, kwa hiyo 36 ni gego la kwanza la chini, upande wako wa kushoto. Huhitaji kuwa mtaalamu. Daktari anayejiamini atakugeuzia skrini bila kinyongo na kukuonesha kivuli. Asiyetaka kuonesha amekwisha kukujibu.

Kwa fizi, omba namba. Kabla ya kukushauri usafishaji wa kina, ule unaofanywa kwa ganzi, robo kwa robo, na kutozwa robo kwa robo, mtu anatakiwa awe amepitisha kifimbo chembamba chenye alama za milimita kati ya fizi na jino, huku msaidizi akiandika. Milimita 1 hadi 3 ni hali ya kawaida. Kuanzia 4 kwenda juu, hasa kukiwa na damu na eksirei ikionesha mfupa umepungua, hapo kuna cha kuzungumza. Kama hakuna aliyekupima, au namba zako ni mbili-mbili na tatu-tatu mdomo mzima, uliza hiyo tiba inatibu nini. Ila tuwe wa haki: ukiwa kweli na ugonjwa wa fizi, kusafisha juu juu hakukusaidii, na daktari anayekataa kukufanyia hivyo hakudhulumu. Nawajua watu walioshupaa kwamba wanaibiwa hadi meno yakaanza kulegea.

Swali jingine ninalolipenda: "Nikisubiri miezi sita, itakuwaje?" Jibu zuri huwa mahususi, litataja jino, litataja dalili ya kuangalia, litataja lini urudi. Jibu baya ni vitisho vya jumla. Na kuna vitu ambavyo kweli havisubiri, usije ukanitumia kama kisingizio: uso au taya kuvimba, homa pamoja na jino linalouma, kushindwa kumeza au kufungua mdomo, maumivu yanayokuamsha usiku, jino la utu uzima lililong'oka kwa ajali (hilo ni la kukimbilia ndani ya saa moja, likiwa limehifadhiwa kwenye maziwa kama huwezi kulirudisha mahali pake). Katika hali hizo nenda, bei utaijadili baadaye.

Mengine nayapitia haraka. Vijazo vya zamani vya rangi ya fedha vilivyo imara havina sababu ya kung'olewa kwa hofu ya zebaki iliyomo. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilisema wazi kwamba haishauri kuviondoa vikiwa vizima, isipokuwa pale ambapo daktari ameona kuna haja ya kitabibu. Magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa, Uingereza iliagiza tangu 2000 yaachwe kung'olewa kama kinga tu. Na ile ya kukaguliwa meno kila miezi sita si amri: mwongozo wa Uingereza unaruhusu mtu mzima apangiwe kati ya miezi 3 na 24, kulingana na hali ya mdomo wake.

Sasa bili, ambako ndiko watu wengi huumia hata kama tiba yenyewe ilikuwa sahihi.

Sentensi ya kuogopa ni "bima italipa". Anayeitamka si bima. Anachokupa ni makadirio, na bima ikikataa, deni ni lako, kwa sababu kwenye fomu uliyosaini kuna mstari unaosema hivyo. Kwa kazi kubwa omba idhini ya bima kwa maandishi kabla ya kuanza, na uliza waziwazi: wasipolipa, mimi nadaiwa kiasi gani? Uliza pia kama kuna nyongeza ya kifaa "bora zaidi" ambayo bima haiitambui. Kofia ya jino ndiyo hupenda kuja na mshangao huo. Vitu vidogo navyo hujipenyeza, mara floraidi, mara dawa ya kusukutua, mara mswaki wa umeme ambao hukuuagiza.

Usilipie mpango mzima mapema kwa ajili ya punguzo. Lipia kazi ya siku hiyo, maana kliniki ikibadilisha daktari, au wewe ukibadilisha mawazo, kurudishiwa pesa ni safari ndefu. Mkopo unaotolewa pale mapokezi nao usome ukiwa nyumbani. Kuna ile isiyo na riba kwa miezi kadhaa, lakini ukichelewa kumaliza, riba inahesabiwa tangu siku ya kwanza. Na ukipewa tableti uweke sahihi, rudisha ukurasa juu uone unasaini nini. Kijana atasubiri.

Ankara ikija iwe na mchanganuo: tarehe, namba ya jino, kazi, bei. Ya mama yangu iliwahi kuja na malipo ya kuziba jino lililong'olewa miaka mingi nyuma. Hatukugombana na mtu. Tuliandika barua fupi tukitaja namba ya jino na kuomba kumbukumbu za siku hiyo, na mstari ule ukafutwa. Simu tulizopiga kabla ya hapo hazikuzaa kitu, kwa hiyo nashauri maandishi tangu mwanzo.

Ukiwa mtu wa haya kama mimi, semea mapokezini kabla hujakaa kwenye kiti: "Leo nimekuja kusafisha tu. Mkiona jingine, naomba mniandikie, nitasoma nyumbani." Ukishaisema mbele ya watu, ndani ni rahisi kuirudia. Kabla hujaondoka omba nakala za eksirei na vipimo vya fizi, ili daktari wa pili asianze kukupiga picha upya na kukutoza tena. Wakikuambia mhusika hayupo, waachie anwani ya barua pepe, na usiku huo huo watumie ujumbe wa kukumbusha wenye tarehe.